Klasta haimjui mtu: kuunganisha Kubernetes na mtoa utambulisho wa nje

Ukitafuta orodha ya watumiaji ndani ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la mashine (klasta), hutaipata. Hakuna kitu kiitwacho User unachoweza kukiunda kwa `kubectl` (zana ya amri ya Kubernetes), hakuna jedwali la nywila, hakuna ukurasa wa kuingilia. Akaunti za huduma zipo, lakini hizo ni za programu zinazoendeshwa ndani ya podi, vifurushi vya programu vya klasta. Binadamu, machoni pa seva ya API (mlango unaopokea maombi yote ya klasta), ni maandishi tu: jina moja na orodha ya vikundi. Kazi yote ya kuunganisha klasta na mtoa utambulisho, yaani mfumo unaothibitisha watu wanapoingia, kama Keycloak, Entra ID, Okta au Google, ni kujibu swali moja: maandishi hayo seva iyaamini kutoka kwa nani, na yaandikweje?

Ukilishika hilo, makosa mengi utakayokutana nayo yatajieleza yenyewe. Karibu kila mara ni maandishi mawili yaliyopaswa kulingana herufi kwa herufi, na hayakulingana.

Shida ya vyeti

Klasta mpya huja na njia ya vyeti vya kidijitali. Sehemu ya CN kwenye cheti inakuwa jina la mtumiaji, na kila O inakuwa kikundi. Ni njia rahisi na haitegemei huduma yoyote ya nje, ila ina kasoro moja kubwa: seva ya API haiangalii orodha ya vyeti vilivyobatilishwa. Ukimpa mtu cheti cha mwaka mmoja naye akaacha kazi mwezi wa pili, cheti kile kinaendelea kukubalika miezi kumi iliyobaki. Unachoweza kufanya ni kuliondolea jina lake ruhusa, au kubadilisha mamlaka ya vyeti ya klasta nzima, kazi ambayo hakuna anayeipenda. Na kama cheti kiliandikwa `O=system:masters`, hata kuondoa ruhusa hakusaidii, maana kikundi hicho kinapita juu ya RBAC yote, yaani mfumo wa Kubernetes wa kugawa ruhusa. Kumgawia kila mtu nakala ya `admin.conf`, faili la msimamizi linaloundwa na kubeadm (zana ya kusimika klasta), ni kurudia shida hiyo ya vyeti bila hata kujua ni nani aliyefuta nini, kwa sababu kumbukumbu za ukaguzi zitaandika jina lile lile kwa wote.

Safari ya tokeni

Kwa OIDC, itifaki ya kuthibitisha watu kupitia mtoa utambulisho wa nje, mambo huenda hivi. Mtu anaandika `kubectl get pods`. Programu-jalizi kwenye kompyuta yake inaona hana tokeni iliyo hai (hati fupi iliyosainiwa kidijitali inayoeleza yeye ni nani), inafungua kivinjari, naye anaingia kwa mtoa utambulisho kama anavyoingia kwenye mifumo yake mingine, pamoja na uthibitisho wa hatua ya pili kama upo. Kivinjari kinarudi kwenye `http://localhost:8000` kikiwa na msimbo wa muda mfupi, na programu-jalizi inaubadilisha msimbo huo upate tokeni. Kisha `kubectl` inaituma `id_token` ndani ya kichwa cha `Authorization: Bearer`.

Seva ya API inapoipokea inakagua sahihi, inalinganisha dai la `iss` (madai ni taarifa zilizomo ndani ya tokeni) na mtoaji ambaye imeambiwa imwamini, inatazama kama `aud` ina kitambulisho kilichosajiliwa kwa klasta hii, inaangalia `exp` (muda wa kuisha), halafu inachota jina na vikundi. Haimuulizi mtoa utambulisho lolote kuhusu mtu huyo. Kitu pekee inachochukua kwake ni funguo za umma, kupitia `/.well-known/openid-configuration` na anwani ya `jwks_uri` iliyomo humo.

Hapo kuna matokeo ya kukumbuka. Kwanza, kumfungia mtu akaunti upande wa pili hakuiui tokeni aliyokwisha kuipata. Itaishi hadi saa yake ya mwisho. Pili, mtoa utambulisho akizimika, walio na tokeni hai wanaendelea kufanya kazi kwa sababu funguo zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya seva. Lakini ukiiwasha upya seva ya API wakati huo huo, funguo zimepotea, na tokeni zote za OIDC zitakataliwa mpaka mtoa utambulisho arudi. Seva yenyewe inawaka bila shida. Inajaribu tena kila baada ya sekunde 10.

Upande wa mtoa utambulisho

Sajili mteja mmoja kwa kila klasta. Najua inachosha ukiwa na klasta kumi na mbili, lakini kutumia kitambulisho kimoja kwa zote maana yake tokeni iliyonaswa kwenye klasta ya majaribio inafungua klasta ya uzalishaji. `aud` ndiyo ukuta pekee kati yao.

Mteja awe wa umma, bila siri, akitumia PKCE, kinga inayomzuia aliyenasa msimbo kuubadilisha apate tokeni. Siri utakayoiandika kwenye kubeconfig (faili la mipangilio la `kubectl`) na kuisambaza kwa watu arobaini si siri tena. Anwani ya kurudi iwe `http://localhost:8000`, na uongeze `http://localhost:18000`, maana programu-jalizi ya kubelogin huhamia huko ikikuta 8000 inatumika.

Kisha hakikisha vikundi vinaandikwa ndani ya tokeni. Hapa kila mtoaji ana vituko vyake.

Keycloak haiweki vikundi mpaka uongeze mapa (kanuni ya kuandika taarifa ndani ya tokeni) ya aina ya Group Membership kwenye mteja au kwenye upeo wake (scope, kundi la taarifa zinazoombwa). Mapa hiyo ina swichi ya Full group path, nayo huja ikiwa imewashwa: kikundi cha `wasanidi` kitaandikwa `/wasanidi`, na ruhusa uliyoiandika bila mkwaju haitamfikia mtu yeyote. Izime, isipokuwa kama una vikundi vya ndani vyenye majina yanayofanana chini ya wazazi tofauti. Hapo iache, na uandike njia nzima kwenye ruhusa. Pia Keycloak haina upeo unaoitwa `groups` tangu mwanzo. Programu-jalizi ikiuomba kabla hujauunda, utarudishiwa `invalid_scope`. Na ukifuata maelekezo ya zamani, anwani ya mtoaji itakuwa na `/auth` katikati. Tangu toleo la 17 sehemu hiyo haipo kwa kawaida: ni `https://jina-la-seva/realms/jina-la-ulimwengu`.

Entra ID huandika vikundi kwa vitambulisho vyao virefu vya tarakimu na herufi, si kwa majina, kwa hiyo ruhusa zako zitasomeka vibaya. Weka maoni ndani ya faili la YAML la ruhusa hizo. Kubwa zaidi, mtu akiwa kwenye vikundi zaidi ya 200, tokeni haibebi vikundi kabisa. Inabeba kielekezo cha kwenda kuviuliza kwingine, na Kubernetes haitavipata. Mtu huyo hukataliwa kwenye uthibitisho wenyewe, na kwa kawaida ndiye mkongwe kuliko wote kwenye shirika. Tiba ni kuchagua mpangilio wa kutuma tu vikundi vilivyopewa programu hiyo.

Google haiweki vikundi kwenye `id_token`, na GitHub haitoi `id_token` kwa watu wanaoingia. Kwa hao, na kwa LDAP au SAML (itifaki nyingine za utambulisho), unahitaji mtu wa kati. Dex ndiyo iliyozoeleka: inazungumza lugha ya kila mmoja upande mmoja, na upande wa klasta inatoa OIDC safi. Angalizo ni kwamba tokeni zake huishi saa 24 usipobadilisha. Punguza.

Keycloak kwa upande wake hutoa tokeni za dakika 5. Watu huona ni fupi mno wakaipandisha hadi saa nane. Usifanye hivyo. Programu-jalizi hujipatia tokeni mpya kwa tokeni ya kuhuisha bila kumsumbua mtu. Muda unaohisiwa na mtumiaji ni wa kipindi chake kwa mtoa utambulisho, si wa `id_token`. Muda mfupi wa `id_token` ndio unaoamua aliyefukuzwa asubuhi anabaki ndani mpaka saa ngapi.

Kuiambia seva ya API

Kuna njia mbili, na haziwezi kutumika pamoja. Ya zamani ni bendera za `--oidc-issuer-url`, `--oidc-client-id` na wenzake. Inakubali mtoaji mmoja tu, na kila badiliko linataka seva iwashwe upya. Ya pili ni faili la `AuthenticationConfiguration`, lililoingia kama jaribio katika toleo la 1.29, likawashwa kwa wote katika 1.30 na kukomaa katika 1.34. Linakubali hadi watoaji 64, na seva hulisoma upya lenyewe likibadilika. Kama klasta yako ni 1.30 au juu yake, sioni sababu ya kuanza na bendera.

```yaml
apiVersion: apiserver.config.k8s.io/v1
kind: AuthenticationConfiguration
jwt:
- issuer:
    url: https://utambulisho.example.com/realms/kazi
    audiences:
    - klasta-uzalishaji
  claimValidationRules:
  - expression: "claims.exp - claims.iat <= 3600"
    message: "tokeni isizidi saa moja"
  claimMappings:
    username:
      claim: preferred_username
      prefix: "oidc:"
    groups:
      claim: groups
      prefix: "oidc:"
    uid:
      claim: sub
```

Kwenye matoleo ya 1.30 hadi 1.33 andika `v1beta1` mahali pa `v1`. Kama cheti cha mtoa utambulisho kimesainiwa na mamlaka ya ndani ya shirika, ongeza `certificateAuthority` chini ya `issuer` na ubandike cheti cha mamlaka hiyo chenyewe, si njia ya faili.

Kiambishi cha `oidc:` si mapambo. Kikundi kinachofika bila kiambishi kinasomwa kama kilivyo, na mtu mwenye uwezo wa kuunda vikundi upande wa pili akikiita kimoja `system:masters`, amejipa klasta yote. Kwa njia ya faili, kiambishi lazima ukiandike, hata kama ni maandishi matupu, kwa hiyo angalau unalazimika kufikiri. Kwa njia ya bendera ni kinyume: usipoandika `--oidc-username-prefix` na dai lako si `email`, seva inaweka anwani nzima ya mtoaji na alama ya `#` mbele ya jina, na vikundi vinaachwa bila kitu.

Dai gani litumike kwa jina? `sub` halibadiliki kamwe lakini halisomeki. `email` linasomeka, ila barua pepe ya aliyeondoka huweza kupewa mwingine baadaye. Chaguo langu ni hilo la hapo juu: jina linalosomeka kwa ajili ya kumbukumbu za ukaguzi, `sub` kwenye `uid` kwa ajili ya siku ya ubishi, na ruhusa zote zifungwe kwenye vikundi, kamwe si kwenye jina. Hakikisha tu mtumiaji hawezi kujibadilishia `preferred_username` mwenyewe. Ukichagua `email`, kumbuka kwamba dai la `email_verified` likiwepo na likawa si kweli, mtu anakataliwa. Na ukiandika jina kwa semi za CEL (lugha ndogo ya kuandika masharti) badala ya `claim`, ukaguzi huo wa barua pepe haujifanyi wenyewe. Seva itakulazimisha uutaje mahali fulani.

Kwa klasta ya kubeadm, usihariri tu `/etc/kubernetes/manifests/kube-apiserver.yaml`. Itafanya kazi leo, na `kubeadm upgrade` ijayo itaifuta yote. Weka kwenye usanidi wa klasta:

```yaml
apiVersion: kubeadm.k8s.io/v1beta4
kind: ClusterConfiguration
apiServer:
  extraArgs:
  - name: authentication-config
    value: /etc/kubernetes/uthibitisho/usanidi.yaml
  extraVolumes:
  - name: uthibitisho
    hostPath: /etc/kubernetes/uthibitisho
    mountPath: /etc/kubernetes/uthibitisho
    readOnly: true
    pathType: DirectoryOrCreate
```

Hivi ni vipande vya kuongeza tu. Anza na usanidi kamili uliopo kwenye ConfigMap (kitu cha Kubernetes cha kuhifadhi mipangilio) ya `kubeadm-config`, uuongezee haya, kisha uupakie kwa `kubeadm init phase upload-config kubeadm --config` na uandike upya podi ya seva kwa `kubeadm init phase control-plane apiserver --config`, kwenye kila nodi ya udhibiti, yaani kila mashine inayoendesha seva ya API. Kila nodi, pamoja na faili lenyewe. Ukisahau moja kati ya tatu, kisawazisha mzigo kitakuwa kinampeleka mtu kwenye nodi isiyojua lolote kuhusu OIDC takriban mara moja katika tatu, na utapoteza siku nzima ukidhani ni mtandao.

Angalia pia kwamba kilichopachikwa hapo ni folda, si faili moja. Vihariri vingi huandika faili jipya kisha kulibadilisha na la zamani; ukiwa umepachika faili peke yake, podi inabaki imeshikilia lile la zamani na usomaji upya hautokei. Kipimo cha `apiserver_authentication_config_controller_automatic_reloads_total` kitakuambia kama seva imesoma badiliko, na kama limefaulu. Faili lenye kosa la kisarufi likiandikwa wakati seva inaendelea, seva inabaki na usanidi wa awali. Likikutwa na kosa wakati wa kuwaka, seva haiwaki.

Jambo la mwisho kwa wanaohariri kwa mkono: nakala ya akiba usiiache ndani ya folda ya `manifests`. Kubelet, wakala wa Kubernetes kwenye kila nodi, husoma kila faili humo lisiloanza na nukta, na `kube-apiserver.yaml.bak` kwake ni podi nyingine.

K3s, toleo jepesi la Kubernetes, ni rahisi zaidi: mistari ya `kube-apiserver-arg` ndani ya `/etc/rancher/k3s/config.yaml`, kisha kuwasha huduma upya.

Upande wa mtumiaji

Sakinisha programu-jalizi kwa `kubectl krew install oidc-login`. Microsoft nao wana programu yao iitwayo kubelogin kwa ajili ya Entra, na hizi mbili si kitu kimoja; ukiona bendera ulizozisoma hazipo, pengine umesakinisha ile nyingine. Kisha kwenye kubeconfig:

```yaml
users:
- name: oidc
  user:
    exec:
      apiVersion: client.authentication.k8s.io/v1
      command: kubectl
      interactiveMode: IfAvailable
      args:
      - oidc-login
      - get-token
      - --oidc-issuer-url=https://utambulisho.example.com/realms/kazi
      - --oidc-client-id=klasta-uzalishaji
      - --oidc-extra-scope=profile
```

Mstari wa `interactiveMode` ni wa lazima kwenye `v1`. Kubeconfig zilizonakiliwa kutoka enzi za `v1beta1` huanguka hapo. Uzuri wa faili hili ni kwamba halina siri yoyote. Unaweza kuliweka kwenye hazina ya msimbo, kila mtu achukue lile lile.

Anayefanya kazi ndani ya seva ya mbali isiyo na kivinjari ana njia mbili. Aelekeze mlango wa 8000 kupitia SSH, au atumie `--grant-type=device-code` kama mtoa utambulisho anairuhusu: anapewa anwani na msimbo, anaufungua kwenye simu au kompyuta nyingine.

Ruhusa

Mpaka hapa mtu anatambulika lakini hawezi kufanya chochote cha maana, na ndivyo inavyotakiwa. Funga kikundi chake kwenye jukumu lililopo:

```
kubectl create rolebinding wasanidi-edit \
  --clusterrole=edit --group=oidc:wasanidi -n malipo
```

Majukumu ya `view`, `edit` na `admin` yaliyokuja na klasta yanatosha kwa timu nyingi. Anza nayo kabla hujaandika yako. `view` haionyeshi Secret (vitu vinavyohifadhi nywila na funguo), na hilo limefanywa makusudi. Usikimbilie ClusterRoleBinding (ya klasta nzima) pale RoleBinding (ya eneo moja) inapotosha.

Kaa mbali na kikundi cha `system:authenticated`. Kila anayethibitishwa huingizwa humo moja kwa moja, na ukiunganisha na mtoaji wa hadharani ambako yeyote anaweza kufungua akaunti, "aliyethibitishwa" maana yake ni dunia nzima. Kwa Google, ongeza kanuni ya kukagua dai la `hd` liwe la kikoa chako.

Kabla ya kumwita mtu ajaribu, jipe nafasi yake mwenyewe: `kubectl auth can-i list pods -n malipo --as=oidc:mtihani --as-group=oidc:wasanidi`. Ukipata `yes` hapa naye bado anakataliwa, basi tatizo si RBAC.

Kusoma makosa

Tenganisha kwanza 401 na 403, kwa sababu watu hupoteza saa nyingi wakirekebisha upande usiohusika. Ukiona `You must be logged in to the server (Unauthorized)`, tokeni imekataliwa na RBAC haijaguswa kabisa. Ukiona `Forbidden` pamoja na jina la mtumiaji, tokeni imepita salama na kilichokosekana ni ruhusa. Ujumbe wa 403 hutaja jina kama seva ilivyolisoma, pamoja na kiambishi. Nusu ya majibu yamo humo. Kwa vikundi, `kubectl auth whoami` inaonyesha vyote seva ilivyovipokea. Kama kikundi unachokitegemea hakimo, rudi kwa mtoa utambulisho.

Seva haimwambii mteja sababu ya 401, na ni sawa isimwambie. Sababu iko kwenye logi za podi ya `kube-apiserver`:

`issuer did not match the issuer returned by provider` ni anwani ya mtoaji uliyoiandika isiyolingana na anayoitangaza mwenyewe; `iss` ya tokeni isipolingana, logi huandika `invalid bearer token` tu. Mara nyingi ni mkwaju wa mwisho. Auth0 huandika mtoaji wake ukiwa na mkwaju, Keycloak hauandiki. Kwa Entra, tokeni za toleo la kwanza hutoka kwa `sts.windows.net` na za pili kwa `login.microsoftonline.com/.../v2.0`. Nakili thamani ya `issuer` kutoka kwenye ukurasa wa `.well-known/openid-configuration` wenyewe, usiiandike kwa kukumbuka.

`expected audience` ikifuatiwa na kitambulisho kingine: umetumia mteja wa klasta nyingine, au umetuma tokeni ya ufikiaji badala ya `id_token`. Kwenye Keycloak ukiona `account` hapo, ni hilo la pili.

`x509: certificate signed by unknown authority` ni seva ya API kutokiamini cheti cha mtoa utambulisho. Kivinjari chako kukiamini hakuhusiani na chochote.

`claim not present` ni dai la jina lisilokuwemo kwenye tokeni, kwa kawaida kwa sababu programu-jalizi haikuomba upeo wa `profile` au `email`.

`token is expired` kwa tokeni iliyotolewa dakika hiyo hiyo ni saa za mashine. Ukaguzi wa `exp` hauna huruma hata ya sekunde moja. Tokeni ya dakika 5 na nodi iliyotangulia kwa dakika 6 haziwezi kuelewana. Angalia chrony (programu ya kulinganisha saa) kabla ya kingine chochote.

`not initialized` maana yake seva bado haijaweza kuzifikia funguo. Na hapa kuna mtego wa yai na kuku. Podi ya seva ya API hutumia mtandao na DNS za nodi, si za klasta, kwa hiyo `dex.dex.svc.cluster.local` haijui. Dex au Keycloak ikiwa ndani ya klasta hiyo hiyo, inabidi ifikiwe kwa jina la nje, na siku ingress (njia ya kuingilia klasta kutoka nje) ikianguka hakuna atakayeweza kuingia kuirekebisha. Iendeshe kwenye klasta nyingine kama una uwezo huo.

Kutazama ndani ya tokeni, tenga sehemu ya katikati kati ya nukta mbili na uifumbue kwa base64 kwenye mashine yako. Usibandike tokeni hai kwenye tovuti za kufumbua tokeni. Ni ufunguo wa klasta yako mpaka `exp` ifike.

Klasta za kukodi

Ukiwa huna mamlaka juu ya seva ya API, unafuata unachopewa. EKS ya Amazon hukubali mtoaji mmoja wa OIDC kwa klasta, kwa amri ya `associate-identity-provider-config`. Usichanganye na ile OIDC ya upande wa pili ambapo klasta yenyewe ndiyo mtoaji, inayotumika kuzipa podi ruhusa za AWS. AKS ya Microsoft ina muunganisho wake wa Entra. Pale ambapo hakuna mlango kabisa, Pinniped inaweza kukaa mbele ya seva ya API, imthibitishe mtu, kisha ipeleke ombi kwa kuvaa utambulisho wake. Inafanya kazi vizuri, ila linda akaunti ya huduma inayotumia: mwenye uwezo wa kuvaa utambulisho wa yeyote ndiye msimamizi, hata kama jina lake halisemi hivyo.

Mtu anapoondoka

Mtoe kwenye kikundi, fungia akaunti, na ukate vipindi vyake upande wa mtoa utambulisho ili tokeni ya kuhuisha ife. `id_token` aliyonayo ikiisha hatapata mpya. Lakini uthibitisho hufanyika ombi linapoanza tu: `kubectl exec` au `port-forward` iliyokwisha funguka haikatiki tokeni ikifa. Kama umeachana naye kwa ugomvi, ondoa RoleBinding zinazomhusu na utafute vipindi hivyo kwenye kumbukumbu za ukaguzi. Angalia pia kama aliwahi kuunda tokeni ya akaunti ya huduma. Hiyo haijui habari za Keycloak.

Ufunguo wa dharura

Usiondoe vyeti vyote. Siku mtoa utambulisho akilala, utahitaji mlango usiomtegemea. Tangu 1.29 kubeadm hutenganisha mambo mawili: `admin.conf` ina kikundi cha `kubeadm:cluster-admins`, ambacho kinategemea RBAC na kinaweza kunyang'anywa, na `super-admin.conf` ina `system:masters`. Hii ya pili itoe kwenye nodi uihifadhi mahali ambapo kuichukua kunaacha alama. Cheti chake ni cha mwaka mmoja, na `kubeadm upgrade` huhuisha vyeti inavyovikuta kwenye nodi tu. Kile ulichokifungia kwenye sefu hakijirefushi chenyewe, kwa hiyo andika tarehe yake kwenye kalenda ya timu, na ukifanyie jaribio kabla haijafika.